Hotuba ya Mwenyekiti: Akiba Yetu, Mizabibu Yetu na Mvinyo Mweupe

(Ilisomwa kwa niaba ya wanachama wote siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia kuifikia siku ya leo. Wapo wenzetu tulioanza nao mwaka 2015 ambao leo hatunao. Hao hatutawasahau. Majina yao yamo katika ukurasa wa kwanza wa kijitabu hiki, na tunaomba kila mmoja akifika nyumbani ayasome.

Ndugu mgeni rasmi, katibu wetu amekwisha kusoma risala ya mapato na matumizi, na daftari liko pale mezani kwa yeyote anayetaka kuhakikisha. Hatutarudia hayo. Tumepewa nafasi ya kuzungumzia jambo moja tu, jambo ambalo siku hizi linazungumzwa kisimani, kanisani, msikitini na hata kwenye gari la mnadani. Jambo lenyewe ni hili: Je, kikundi cha akina mama wa kuweka na kukopa kiingize mkono katika kutengeneza mvinyo mweupe, au kiachane nao? Mkutano mkuu ujao utapiga kura. Ni vizuri kila mtu akapiga kura akiwa anajua anachokipigia.

TULIKOTOKA

Tulianza tukiwa wanawake 22 chini ya mbuyu ulio karibu na ofisi ya kijiji. Hisa ilikuwa shilingi 1,000. Sanduku letu lilikuwa la bati, lenye kufuli tatu, na funguo zikakaa kwa watu watatu wa nyumba tatu tofauti. Wako waliotucheka. Walisema wanawake wanacheza upatu, mwisho wa mwaka watagombana. Mwisho wa mwaka tukafungua sanduku mbele ya watu, tukagawana, hakukuwa na ugomvi. Mwaka wa pili waliocheka walileta wake zao.

Mikopo ya kwanza ilikuwa ya vitu vidogo: chumvi ya kuuza, kuku, mkaa, mbegu za karanga. Baadaye ikaja mikopo ya sare za shule na ada. Mfuko wa jamii ukatusaidia kwenye ugonjwa na misiba. Ilipokuja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama vyetu vikatakiwa kusajiliwa, nasi tukasajiliwa. Tangu hapo hakuna anayetuita wacheza upatu.

Halafu ikaja mikopo ya mizabibu. Hapo ndipo mambo yalipobadilika.

MZABIBU NA NCHI YETU

Wageni wetu wengine wametoka mbali, kwa hiyo tuseme kidogo. Dodoma yetu iko juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua tunapata ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na miaka mingine inakata Februari watu wakiwa bado palizini. Mahindi hapa ni kubahatisha. Mtama na uwele ndivyo vinavyovumilia.

Mzabibu nao unavumilia. Hatukuukuta kwa babu zetu. Uliletwa na wamisionari Wakatoliki, pale Bihawana, ukasambaa taratibu hadi Mpunguzi, Hombolo, Makutupora, Mvumi na kwingineko. Lakini umekaa nasi mpaka umekuwa mwenyeji. Iko zabibu nyekundu ambayo leo inaitwa Makutupora, jina la hapa hapa kwetu, palipo na kituo cha utafiti wa zabibu. Na kwa upande wa nyeupe, iliyoenea ni ile iitwayo Chenin Blanc. Asili yake ni Ufaransa, kwenye bonde la mto Loire, lakini jua inalolipata hapa halipo huko. Huko wanavuna mara moja kwa mwaka. Sisi tunavuna mara mbili, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Mavuno ya kiangazi ya Agosti na Septemba ndiyo mazuri zaidi, maana wakati wa mvua magonjwa ya ukungu hushambulia mashada, na sukari inakuwa ndogo.

Ila mzabibu si kama karanga, kwamba unapanda leo na baada ya miezi minne unavuna. Unataka nguzo, waya, samadi, salfa, mkasi wa kupogolea, na kupigana na mchwa kila siku ya Mungu. Unasubiri mwaka mmoja na nusu hadi miwili ndipo uone shada la kwanza la maana. Ukiutunza, utakaa zaidi ya miaka 30. Maana yake, anayepanda mzabibu anapanda kwa ajili ya watoto. Na hapo tunafika kwenye swali ambalo akina mama wengi wanaogopa kuliuliza.

SHAMBA LA FAMILIA NI LA NANI?

Tunasema "shamba la familia". Ni neno zuri. Mama anapalilia, mama anafunga matawi, mama anaamka saa tisa usiku kuvuna kabla ya jua. Lakini siku ya malipo, anayeitwa kusaini ni mmoja. Na siku baba akifariki, familia inageuka kuwa ukoo.

Mwaka 2019 mwenzetu mmoja alifiwa na mume wake. Matanga hayajaanuliwa, ndugu wa marehemu wakawa wanapima shamba kwa hatua. Hatusemi walikuwa watu wabaya. Walikuwa wanafuata walichokikuta, kwamba mali iliyoota ardhini ni ya ukoo na mwanamke ni mpita njia. Shamba lenyewe ni ekari moja na nusu ya zabibu nyeupe, na yule mama ana watoto wanne.

Tulipoitwa kwenye baraza la usuluhishi la kijiji tulikwenda wote, na tukalichukua daftari. Hatukupiga kelele. Katibu alifungua akasoma: mkopo wa nguzo, tarehe, kiasi, dole gumba. Mkopo wa waya, tarehe, kiasi, dole gumba. Mkopo wa samadi. Mkopo wa salfa. Na mbele ya kila mkopo, marejesho, shilingi kwa shilingi, kwa jina la mama yule. Wazee walisikiliza mpaka mwisho. Mmoja wao akauliza, "Sasa huu mzabibu ulipandwa na nani?" Shemeji hawakuwa na la kujibu. Wakakubaliana wachukue shamba la mtama la upande wa mto, na mizabibu ibaki kwa mama na watoto.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza: mali yenye daftari hujitetea yenyewe hata mwenye mali akiwa analia.

Lakini jamani, tusitegemee daftari la kikundi peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina mawili, la mume na la mke. Akina baba mliopo hapa, tunawaomba kwa heshima: nendeni ofisi ya kijiji mkaandikishe majina mawili mngali hai. Kufanya hivyo si kugawa mali. Ni kuilinda.

KWA NINI MVINYO, TENA MWEUPE?

Shida kubwa ya mkulima wa zabibu mnaijua. Zabibu hazisubiri. Mtama utaweka ghalani mwaka mzima. Zabibu ukiikata asubuhi, siku ya tatu kwenye joto hili inavuja maji na nyuki wamejaa. Mnunuzi naye analijua hilo vizuri. Msimu ukichanganya, gari linachelewa, bei inashuka, au unaambiwa safari hii tunaanza na nyekundu, wenye nyeupe mngojee. Tungojee vipi? Wengine wameshalisha ng'ombe zabibu zao kwa macho makavu.

Mvinyo unasubiri. Hata kabla ya kutiwa kwenye chupa, ukiwa ule tunaouita mchuzi wa zabibu ndani ya tanki, unaweza kukaa miezi ukiwa umetunzwa vizuri, na mwenye nao akazungumza bei akiwa amekaa kwenye kiti.

Mwezi Septemba 2024, kwenye shamba la mwenzetu tuliyemtaja, tulifanya jaribio. Lilikuwa la mafunzo tu, halikuuzwa, na afisa ugani alikuwepo. Tueleze lilivyofanyika, maana wengi wanadhani ni sawa na kupika pombe ya mtama. Si sawa.

Rangi ya zabibu iko kwenye ganda. Mvinyo mwekundu huchachishwa pamoja na maganda. Mweupe unakamuliwa kwanza, maganda yanawekwa kando, inachachishwa juisi peke yake. Kwa hiyo tulivuna alfajiri zabibu zikiwa bado na ubaridi, tukachagua, zilizooza tukazitupa, tukaondoa vikonyo, tukakamua mara moja. Juisi ikaachwa usiku kucha itulie, asubuhi tukahamisha ile safi ya juu tukaacha tope chini. Ndipo ikatiwa hamira ya mvinyo, siyo hamira ya maandazi.

Kabla ya hapo tulipima sukari. Hesabu yake siyo ngumu: kila gramu 17 za sukari katika lita moja huleta karibu asilimia moja ya kilevi. Juisi yenye gramu 200 kwa lita inatoa mvinyo wa karibu asilimia 12. Kwa hiyo anayevuna mapema kwa kuogopa ndege, au anayemwagilia maji siku chache kabla ya kuvuna ili zabibu ziwe nzito kwenye mizani, anaharibu mvinyo toka shambani.

Mvinyo mweupe una maadui wawili, joto na hewa. Maganda yangeupa ule ukakasi unaoulinda mvinyo mwekundu, lakini mweupe hauna kinga hiyo. Unapenda uchachuke taratibu, kwenye nyuzi joto 15 hadi 18 hivi. Hatuna mtambo wa baridi. Tulitumia chumba cha matofali ya udongo chenye dari ya nyasi, mapipa yakazungushiwa magunia yaliyoloweshwa maji asubuhi na jioni, na ubaridi wa usiku wa kiangazi ukatusaidia. Ulipomaliza kuchachuka, pipa lilijazwa hadi mdomoni, maana nafasi ya hewa ikibaki mvinyo unageuka rangi, halafu siki. Dawa ya kuzuia kuharibika inapimwa kwenye mizani ndogo, haitiwi kwa kukisia wala kwa kiganja.

Tena jambo la usalama. Juisi ikichachuka inatoa hewa ya kaboni dayoksaidi ambayo haina rangi wala harufu, na inakaa chini kwenye sakafu. Chumba kiwe na madirisha wazi, mtu asiingie peke yake, na watoto wasilale humo. Hili si la mchezo.

Kilo 200 za zabibu zilitupa lita 128. Kwa kawaida kilo 100 hutoa lita 60 hadi 70, kwa hiyo hatukuwa mbali. Lita hizo kama zingetiwa kwenye chupa za mililita 750 zingekuwa chupa 170. Wanaokunywa walionja wakasema una harufu ya pera lililoiva na asali kwa mbali. Sisi wengine tusiokunywa tulinusa tu, tukakubali.

WANAOSEMA HAPANA

Ndugu wanachama, wapo kati yetu wanaosema hapana, na hatutaki wazomewe. Hoja zao ni tatu, na zote ni za watu wenye akili.

Ya kwanza ni dini. Wenzetu Waislamu, na wenzetu waliookoka, wanasema fedha yao isichanganywe na kileo. Wana haki. Kikundi hiki hakikuanzishwa ili mtu achague kati ya imani yake na sanduku.

Ya pili ni walevi. Kuna wanachama hapa waliojiunga na kikundi kwa sababu mshahara wa baba au fedha ya alizeti iliishia kilabuni. Mama wa namna hiyo ukimwambia tutengeneze mvinyo, anaona tunamletea adui ndani. Tusijidanganye kwamba mvinyo hauleweshi kwa sababu una chupa nzuri. Unalewesha.

Ya tatu ni akiba. Wanasema fedha ya sanduku ni ya ada na ya matibabu, siyo ya kubahatisha. Tanki moja likiharibika, nani atawarudishia watu hisa zao?

Hoja hizi ndizo zimetufanya kamati tuandike pendekezo upya mara tatu. Sasa linasomeka hivi:

Moja, uwepo mfuko wa zabibu ulio mbali kabisa na akiba na mfuko wa jamii. Anayetaka anaingiza, asiyetaka haingizi, na daftari lake liwe jingine. Hisa ya mtu asiyetaka isiguswe hata shilingi.

Mbili, wasiotaka mvinyo wawe na kazi yao ya zabibu kavu na juisi, kwa vifaa vya kuvunia vile vile na mizani ile ile. Zabibu zao nazo zisioze.

Tatu, mwaka wa kwanza na wa pili tuuze mchuzi kwa viwanda tu. Chupa, vizibo, lebo na stempu za ushuru ni gharama kubwa, na anayeanzia huko anaweza kumaliza mtaji kabla hajauza.

Nne, hatutauza hata lita moja kabla ya leseni, kabla ya TBS kupima na kabla ya TRA kutuandikisha. Na hapa tuseme ukweli, Serikali imetusaidia. Kwa miaka mingi mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini umetozwa ushuru wa bidhaa mdogo kuliko ule wa kutoka nje. Faida hiyo ni ya mwenye karatasi. Asiyekuwa na karatasi anabaki na hofu ya kukamatwa.

Tano, mvinyo hauingii kwenye mkutano wetu, hauuzwi kwa mkopo, na hauuzwi kwa mtoto chini ya miaka 18. Mwanachama atakayevunja hili atatoka, awe nani, hata akiwa mwenyekiti.

Kuhusu tanki na mashine ya kukamulia, tusikimbilie sanduku. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi, na asilimia 4 ni ya wanawake. Mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudi mwaka 2024. Sisi tuna usajili, tuna daftari la miaka kumi, hatuna deni. Tukiomba, tuombe kwa kifua mbele. Lakini tukumbuke kwamba ni mkopo, si zawadi. Unarudishwa.

OMBI LETU

Ndugu mgeni rasmi, hatukukuita ili tukuombe fedha. Tunakuomba mambo mawili. La kwanza, wanunuzi wa zabibu waandikiane mikataba na wakulima kabla ya msimu, ikiwa na bei, kiasi na siku ya kulipa, na mama aliyelima ndiye asaini. La pili, utusemee ili upimaji wa mashamba ufike hadi vitongoji vya mwisho, maana huko ndiko wajane wanakolala bila usingizi.

Wanachama wenzetu, siku ya kura kila mmoja apige kwa moyo wake. Ikishinda ndiyo, wale wa hapana ni wenzetu vile vile, na tutawahitaji watukague. Ikishinda hapana, mizabibu haing'olewi, tutatafuta njia nyingine pamoja. Tulichojenga kwa miaka kumi ni kikubwa kuliko pipa la mvinyo. Tumejenga mahali ambapo mwanamke akitia dole gumba, dole hilo linaheshimiwa barazani.

Yule mama wa ekari moja na nusu yuko hapa kati yetu leo. Amepanda mistari mingine sita ya zabibu nyeupe, na kijana wake wa kwanza ndiye anayepogoa. Hati ya shamba ina jina lake.

Haba na haba hujaza kibaba. Mungu akibariki kikundi chetu, aibariki Dodoma, aibariki Tanzania.